Koo Ni Langu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa zahanati ameniamuru ninyamaze wiki mbili. Si kupunguza maneno, kunyamaza. "Hata kunong'ona usinong'one, mama. Sauti yako imechoka kwa makelele."

Makelele gani? Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na tisa huu. Nikisema "ponda klachi" nasema mara moja, na mwanafunzi akiwa mgumu, mara tatu. Lakini tangu sauti ianze kukwaruza, mwaka juzi, kila mtu ana hakika kwamba ni mdomo wangu ulioniponza. Mume wangu ni fundi makochi, mtu wa maneno ishirini kwa siku. Alipoisoma ile karatasi ya daktari aliinamia kochi alilokuwa akilivalisha kitambaa, akatabasamu. Alidhani simwoni.

Basi nitasemea humu. Daftari hili ni la kazini, lina safu tatu: tarehe, somo, maoni. Haya. Tarehe tatu. Somo, kunyamaza. Maoni, nimefura.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimenyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimenyamaza. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye tunakaa naye tangu aachike, amesema mezani huku akinitazama: "Nyumba imepoa, kaka, unaona?" Nimemkata jicho. Akaongeza mchuzi.

Jumanne, 18 Machi

Wiki mbili zimekwisha na sauti haikurudi. Sasa na pumzi nayo inaninyima. Ngazi za shule yetu ya udereva ni kumi na nne. Nikifika juu, koo linapiga filimbi kila ninapovuta hewa. Nimerudi zahanati. Yule yule daktari, bila hata kunishika shingo: "Hii ni pumu." Nina miaka hamsini na mitatu. Pumu ilikuwa imepotea njia muda wote huo? Amenipa dawa ya kuvuta.

Alhamisi, 20 Machi

Leo mwanafunzi wangu amepita taa nyekundu. Nilimwambia "simama." Najua nilisema, mdomo ulifunguka, ulimi ukaenda mahali pake. Kilichotoka ni upepo. Nikakanyaga breki ya upande wangu, lori likapita mbele ya pua zetu. Mwanafunzi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akaniuliza: "Mwalimu, mbona hukusema?"

Bosi ameshamgawia mwalimu mwingine gari langu. "Kapumzike, Mwalimu. Hatukufukuzi." Mtu akikwambia hakufukuzi, ujue ameshafunga mlango na anaushikilia kwa mgongo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda mwenyewe hospitali kuu bila barua ya zahanati. Wamenipitishia kamera nyembamba puani hadi kooni. Daktari kijana aliyeishika aliacha kuzungumza ghafla. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wote watatu wakatazama ndani ya koo langu, wakaongea wao kwa wao. "Chini ya nyuzi za sauti, upande wa nyuma. Gumu." Mimi nikiwa nimeachama na mpira puani, machozi yananitoka, nikasubiri mmoja akumbuke kwamba koo lina mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Picha imetoka. Walipochukua kipande cha kupima, chombo kiligonga kama kinagonga kokoto. Ni uvimbe wa gegedu. Gegedu ni kile kitu kigumu cha sikio, ncha ya pua. Kumbe na kisanduku cha sauti kimejengwa kwayo, nayo huweza kuota uvimbe. Ni saratani, lakini ya pole, inakua taratibu kama ukucha. Imeshaziba zaidi ya nusu ya njia yangu ya hewa. Mionzi haiisaidii sana. Ni kisu tu.

Kumbe sikuchoka kwa makelele. Kumbe si pumu. Miaka miwili nimeombwa radhi na nani?

Mvua imetoboa paa la chumba cha kazi cha mume wangu. Amehamishia makochi ya watu sebuleni. Tunakaa kama kwenye duka.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tuliitwa na yule mkubwa wao. Manesi humwita Daktari Mkubwa, na yeye huitika. Ofisi yake ina dirisha moja, kitanda kimoja na viti viwili. Alimpa mume wangu kiti cha mbele. Mimi nikapewa cha pembeni, karibu na sinki.

Akamweleza yeye. Si mimi, yeye. "Mzee, uvimbe upo kwenye pete iliyo chini ya kisanduku cha sauti. Njia ya uhakika ni kuondoa kisanduku chote. Mama atapumua kwa tundu la shingoni, la kudumu. Ataishi."

"Na kuongea?" mume wangu akauliza.

"Zipo njia. Atajifunza. Muhimu ni uhai."

Nikagonga meza. Nina daftari dogo la kuandikia watu. Nikaandika NIULIZENI MIMI, nikalisukuma mbele ya daktari. Akaliinua kwa vidole viwili, akaliweka juu ya faili, akaendelea. Hakusoma! Kisha mume wangu, mtu wa maneno ishirini, akatumia matatu:

"Toa tu yote."

Miaka ishirini na minane ya ndoa. Sijawahi kumchagulia hata rangi ya shati.

Daktari akatoa fomu ya ridhaa, akamwelekezea yeye kalamu. Na yeye akaishika. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Niliinuka, nikaivuta ile fomu chini ya mkono wake, nikaichana mara mbili, halafu mara nne, vipande nikavitia kwenye sinki na kufungua bomba. Pumzi ilikuwa inapiga filimbi mpaka nesi akachungulia mlangoni. Nikachukua daftari langu na mwavuli, nikatoka.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo! Nilikuwa hapo, kando ya sinki, na langu halikuwepo.

Mume wangu alinifuata kwenye mvua bila mwavuli. Sikumpa nafasi chini ya wangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijampikia. Wifi amempikia. Wala sili chakula chake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekula. Njaa haijui hasira.

Mume wangu amekuja kukaa kwenye kochi la mteja, mkabala na mimi. Nilimwandikia: "Uliishika kalamu."

Akaisoma mara mbili. Kisha akasema, "Miezi minane silali. Unavuta hewa kama msumeno kwenye mbao mbichi. Halafu unasita. Mimi nahesabu. Juzi nimefika tisa."

Nikaandika: "Ungeniambia."

"Ningekutisha."

"Kwa hiyo ukaona nikatwe bila kuulizwa?"

Akaokota uzi kwenye kochi. Alipaswa kujibu. Nilimhurumia kidogo, na huruma hiyo ikanikera zaidi, maana hasira yangu ilikuwa safi kabla hajafungua mdomo.

Alhamisi, 17 Aprili

Simu kutoka hospitali. Daktari bingwa mwingine, mwanamke, anataka kuniona. Mimi, amesema, na nikitaka kuja na mtu nije naye. Nimekwenda peke yangu.

Ni mfupi, ana miwani ya kamba, na anaongea akikutazama mdomoni kana kwamba maneno yako ya upepo ni maneno. Alinichorea. Gegedu iliyougua ina umbo la pete ya mhuri: mbele nyembamba, nyuma pana. Uvimbe umekaa pale penye mhuri, upande wa kushoto. Kama haujala zaidi ya nusu ya pete, anaweza kuukata na kuacha kisanduku cha sauti mahali pake. Pengo atalijaza kwa gegedu ya ubavu wangu mwenyewe, aichonge, aishone, ishikilie njia ya hewa isiporomoke.

"Nitaongea?"

"Utaongea. Si sauti uliyozaliwa nayo. Itakuwa nzito, ya kukwaruza. Kumeza utajifunza upya. Kwa wiki kadhaa utapumua kwa mpira wa shingoni, halafu tutautoa. Na huu uvimbe una tabia ya kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo mimi na wewe hatuachani."

Nikaandika: "Kwa nini yule mwenzako hakuniambia haya?"

"Yeye hajawahi kufanya operesheni hii. Mimi nimeifanya mara sita." Akavua miwani. "Lakini ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia, kuna mama amechana fomu yangu, na nadhani ana haki."

Nimekasirika upya. Alidhani nina haki, akamwambia mtu mwingine! Mimi je? Simu ya kunipigia anayo.

Kisha akanipa lililo zito. Wakishafungua, wakikuta uvimbe umevuka nusu, ataondoa kisanduku chote pale pale mezani. Lazima nisaini fomu mbili: ya kubakiza, na ya kuondoa. "Sitaki uamke ukute nimekuamulia," alisema.

Niliondoka bila kusaini. Nimeomba siku.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi kwa vipimo vya damu. Kwenye benchi nje ya chumba cha mafunzo ya sauti alikaa mzee mmoja, mwashi mstaafu, skafu shingoni. Nikajua ana nini chini ya ile skafu, nikasogea mbali kidogo. Nakiri. Nilisogea.

Akaweka kidole gumba shingoni, akasema kwa sauti kama ya redio iliyokosa stesheni: "Haiambukizi, binti yangu."

Niliona aibu. Shikamoo yangu ikatoka kama upepo. Akaitikia. Nikamwandikia habari ya fomu mbili. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Mimi uvimbe wangu ulikuwa mbaya, wa kukimbia. Wangeuacha, ningekuwa udongoni. Sasa nina tundu. Nawatukana mafundi wa jirani wakipinda ukuta, na wananisikia vizuri tu." Akapumzika. "Pigania koo lako. Lakini hiyo fomu ya pili usiikatae kwa kuniogopa mimi. Mimi si mzimu."

Nilikuwa nimemtumia mtu huyu, kabla sijamwona, kama kitisho. Daktari Mkubwa alinifanya faili, na mimi nikamfanya mwashi tundu.

Nimesaini zote mbili. Mkono wangu mwenyewe, na tarehe.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelazwa. Kesho asubuhi. Mume wangu kaleta shuka na kusahau mto. Nimemwandikia: "Wakitoa chote, ni mimi niliyekubali. Usije ukadhani ulishinda." Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Mvua inapiga mabati ya jikoni ya wodi, hatusikilizani, si kwamba kuna anayesema.

Alhamisi, 1 Mei

Nipo.

Ijumaa, 2 Mei

Ubavu unauma kuliko shingo.

Jumamosi, 3 Mei

Kisanduku kipo. Daktari mwenye miwani ya kamba aliniambia mwenyewe, akiwa ameinama: "Tumetoa kidogo tu chini ya nusu. Ubavu umekaa vizuri. Uzi mmoja wa sauti hauchezi wala hauendi, mwingine unafanya kazi ya wawili."

Nina mpira shingoni wa kupumulia na mwingine puani wa kulishia. Nililia, na kumbe ukiwa na tundu hulii kwa sauti, unatoa mapovu tu. Nesi akafuta.

Jumanne, 6 Mei

Nilikaribia kufa saa tisa mchana, jua likiwaka baada ya mvua, watu wakila machungwa.

Makohozi yalikauka ndani ya mpira. Ukaziba. Nilivuta, hakikuja kitu. Nikavuta tena. Kengele ya kitanda changu haifanyi kazi, kila mtu anajua haifanyi kazi, imeandikwa hivyo kwenye ubao. Nesi alikuwa mwisho wa wodi kwa mgonjwa mwingine. Nilipiga kikombe chini.

Aliyekuwa kando yangu ni wifi. Ilikuwa zamu yake ya kunikalia, na tulikuwa hatutazamani tangu asubuhi. Aliruka. Hakupiga kelele, hakuita mungu wala jirani. Akanishika kidevu, akazungusha ule mpira mdogo wa ndani kama alivyomwona nesi akifanya, akauchomoa. Hewa ikaingia kama maji kwenye shamba kavu. Akausafisha kwa brashi na maji ya chupa, mkono haukutikisika, akaurudisha. Nesi akafika, akamwambia, "Mama, wewe ni muuguzi?"

"Ni wifi yake," akajibu, kana kwamba ni cheo cha kazi.

Nikachukua daftari nimshukuru. Akanizuia. "Usiniandikie. Ukipona tutagombana kama kawaida. Mimi siwezi kugombana na mtu wa karatasi."

Nilikuwa nimemweka kwenye orodha ya watu waliofurahia ukimya wangu. Nimemfuta. Kengele iko pale pale. Nimewaandikia wasimamizi barua ya kurasa mbili kuhusu kengele, kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 9 Mei

Ruhusa imetolewa: nikiziba mpira kwa kidole, naweza kujaribu sauti. Sijajaribu. Wote wamekaa wakinitazama kama ninataka kutaga. Mume wangu ndiye hasa. Sitampa.

Maji yananipalia. Uji mzito unapita. Nainamisha kidevu, nameza, nakohoa, nameza tena. Vijiko kumi kwa nusu saa.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari Mkubwa alipita na wanafunzi wake saba. Wakasimama miguuni pangu. "Huyu ni kesi ya uvimbe wa gegedu. Mwanamke, hamsini na tatu. Tazameni shingo." Akanishika kidevu, akakigeuzia dirishani.

Nikainua kidole, nikaziba tundu.

"Jina langu," nikasema, "lipo kwenye faili. Nisalimie kwanza."

Hiyo ndiyo sauti yangu mpya. Niliisikia kama anayeongea ni mtu wa nyuma yangu, mwanamume wa makamo aliyelala vibaya. Mbaya. Nzito. Ilitikisika kwenye "kwanza." Lakini ilifika hadi kwa mwanafunzi wa mwisho, maana alishusha kalamu.

Daktari Mkubwa akaniachia kidevu. Uso ulimwiva. Akasoma faili, akanitaja jina, akanipa pole ya ugonjwa, akauliza kama anaweza kunigusa shingo.

"Subiri nimeze," nikamwambia. Wakasubiri, wote wanane. Nikameza.

Walipoondoka, alirudi peke yake. "Nilipaswa kukueleza wewe," alisema. "Siku ile." Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ulipaswa. Sikumwambia haidhuru. Imedhuru.

Jumamosi, 24 Mei

Nyumbani, na mpira bado. Mume wangu ameshaziba paa. Hajaniuliza kitu, nami sijamsemesha. Naongea na wifi. Tumegombana kuhusu chumvi.

Jumanne, 3 Juni

Wameutoa mpira. Tundu litajifunga lenyewe. Majibu ya uvimbe: wa pole, kingo safi, lakini ni safi kwa upana wa uzi tu. Picha kila mwaka, maisha yote.

Bosi alikuja na maua ya plastiki. Anataka nifundishe alama za barabarani darasani, na kipaza sauti. "Kazi nyepesi, Mwalimu." Nilimwambia gari langu, Agosti, au atafute mwingine. Alinisikia, ingawa aliinama. Alisema atafikiria. Nami nimesema nitafikiria kama nitasubiri afikirie.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya nne bila mvua. Mume wangu alitoa makochi ya watu nje, yaanikwe. Nilimkuta amekaa kwenye mojawapo, mikono mapajani. Nikakaa kwenye lingine.

Nikamwambia. Bila daftari. Kwa sauti hii iliyopo, ambayo baada ya maneno sita lazima nivute hewa. Nilimwambia habari ya kiti cha pembeni. Ya sinki. Ya kalamu, na jinsi kidole chake cha shahada kilivyokuwa tayari kimekaza. Nikamwambia kwamba aliniogopea kifo mpaka akasahau kwamba niko hai, na kwamba nilipokuwa nikilala mezani na kifua wazi, nilichukia zaidi yale maneno yake matatu kuliko uvimbe. Nikamwambia na la tabasamu, la siku ile ya kwanza niliponyamazishwa.

Alikuwa amesogea kila niliposhusha pumzi, hadi akakaa ukingoni kabisa mwa kochi, sikio limeelekea kwangu, maana sauti yangu haifiki mbali. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Hakusema alikuwa na nia njema. Nilikuwa nimejiandaa kwa nia njema. Nilikuwa na jibu lake.

Nikakohoa. Nikakaa kimya kukusanya hewa. Akadhani nimemaliza? Hapana. Alingoja. Kisha akauliza, polepole:

"Lipo lingine?"

"Lipo," nikasema.

"Sema lote."

Nikasema lote. Ilichukua asubuhi nzima.